Lakshmi Anauliza: Nani Yuko Macho?

Usiku wa Sharad Purnima sisi hupanda paani. Ghorofa letu hapa Upanga lina paa bapa, matangi ya maji na kamba za kuanikia nguo, na ukisogea pembeni kabisa unaiona bahari, kipande chembamba kati ya majengo mawili marefu. Tunabeba sufuria ya maziwa baridi yaliyotiwa sukari, iliki na pauva. Pauva ni jamaa ya pepeta: punje za mpunga zilizopondwa zikawa bapa kama magamba ya samaki. Sufuria hufunikwa kitambaa cha melimeli, huachwa mwezini kama saa nzima, ndipo tunakunywa. Ni mwezi mpevu wa Aso, mwezi wa mwisho katika kalenda yetu ya Kigujarati. Kutoka hapo mwezi unaliwa kidogo kidogo, na usiku unapokwisha kabisa, ndiyo Diwali.

Watoto hawaipendi sana pauva. Wanachopenda ni kukesha, na kukesha kuna hadithi yake. Usiku huo Lakshmi, mungu wetu wa kike wa neema, hushuka duniani, hupita nyumba hadi nyumba akiuliza kwa Kisanskriti, "Ko jagarti?" Nani yuko macho? Atakayemkuta macho humneemesha. Aliyelala, humpita.

Mwaka jana, nilipofika hapo, binti yangu wa miaka tisa akaweka kikombe chini.

"Mami, Mama Maandazi huamka saa ngapi?"

"Saa tisa usiku. Saa kumi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Sasa Lakshmi hamwoni?"

Nikamjibu jibu la wazazi wote walioishiwa: kunywa maziwa yako, yatapoa. Yalikuwa yametoka kwenye friji tangu magharibi.

Wacha niseme kwanza sisi ni akina nani, maana msomaji mwingine atapotea. Nyumbani kwetu mama ni mjomba, dada ni babu, na kaka ni baba mdogo. Sichezi na maneno, ndivyo Kigujarati kilivyo. Mlinzi mpya wa jengo alichukua wiki mbili kuelewa kwa nini watoto wangu wanamwita mzee mwenye mvi na mkongojo "Dada". Na ndiyo sababu mimi naitwa Mami. Wakiita "Mama", atakayeitika ni kaka yangu. Baba wa babu yangu alitoka Mandvi, bandari ya Kutch huko Gujarat, India, akashuka Unguja na jahazi la kaskazi, akaandikwa ukarani katika duka la mtu wa kwao. Baba yangu alizaliwa Unguja. Mimi nimezaliwa Dar es Salaam. Kutch nimefika mara moja tu, nikaumwa tumbo.

Mimi Lakshmi sikufundishwa kwa hadithi. Nilifundishwa kwa makatazo. Noti ikianguka usiikanyage. Ukiigusa kwa mguu kwa bahati mbaya, iokote uiweke kwenye paji la uso kuomba radhi. Usifagie jua likishazama, kwa sababu ufagio ni Lakshmi na takataka za magharibi hutoka na riziki. (Hili la ufagio majirani zetu Waswahili walikuwa nalo pia, kwa sababu zao, kwa hiyo utotoni sikujua kwamba ni letu.) Mteja wa kwanza wa asubuhi usimwache aondoke mikono mitupu, hata kama faida ni ya shilingi mbili, kwa maana mauzo ya kwanza, boni, ndiyo yanayofungua mlango. Baba akipokea pesa ya boni aliigusisha machoni, jicho moja baada ya jingine, ndipo akaitia kwenye mtoto wa meza.

Ukilelewa hivyo unakua ukiamini mambo mawili yasiyopatana: kwamba pesa ni kitu kitakatifu, na kwamba pesa ni kitu chenye woga, kinachotoroka kwa kosa dogo. Mojawapo ya majina ya Lakshmi ni Chanchala, yule asiyetulia. Hakai kwa mtu. Nilimwogopa kuliko nilivyompenda, kama mgeni mwenye cheo ambaye kila mtu ndani ya nyumba anachungulia kama ameshaanza kutafuta viatu vyake.

Sikutaka watoto wangu wamjue hivyo. Ila sikuwa na njia nyingine mkononi.

Watu wakimwona kwenye kalenda ya dukani, amekaa juu ya yungiyungi, sarafu zinamiminika kutoka kiganjani mwake, husema huyo ndiye mungu wao wa pesa. Hata mwanangu wa miaka sita alifika hapo mwenyewe bila kusaidiwa na mtu. "Lakshmi ni wa malaki?" Nilicheka, kisha nikaona hajakosea sana. Laki yetu ya Kiswahili imetoka hukohuko, kwenye laksha ya Kisanskriti, mia moja elfu. Pesa ni paisa. Hundi ni hundi. Waliokuja na majahazi walikuja na maneno yao ya hesabu, wakayaacha pwani, na leo anayesema "nidai laki moja" hajui kwamba ameongea Kihindi. Lakini laksha ina maana nyingine pia, ya alama, ya kitu unachokilenga jicho, na jina la Lakshmi wajuzi wa lugha hulipeleka upande huo. Hilo sikulieleza paani. Kuna mambo ya kumwambia mtoto wa miaka sita na kuna mambo ya kuandika kwenye blogu.

Nilijaribu njia ya vitabuni. Nikawahesabia Lakshmi wanane, maana yeye huabudiwa kwa sura nane: Adi wa asili, Dhanya wa nafaka, Dhairya wa ujasiri, Gaja wa tembo, Santana wa watoto, Vijaya wa ushindi, Vidya wa elimu, na Dhana wa fedha. "Mmeona? Katika wanane, wa fedha ni mmoja tu." Nilijiona mwalimu hodari.

"Mimi nipe huyo," akasema mdogo.

Iliyowakamata ni hadithi ya bahari ya maziwa, na niliisimulia kwa kukosa nyingine. Zamani deva na asura, yaani miungu na majitu, walitaka maji ya uzima yaliyokuwa chini ya bahari. Bahari yenyewe ilikuwa ya maziwa, na maziwa ukitaka kitu kutoka ndani yake lazima uyasukesuke. Wakang'oa mlima Mandara wakaufanya mpekecho. Kamba wakafanya nyoka, Vasuki, wakamzungushia mlima. Vishnu akajigeuza kobe akaingia chini, mlima ukakaa juu ya gamba lake usizame. Deva wakashika mkia, asura wakashika kichwa, wakaanza kuvuta, huku na huku, huku na huku. Hapo nikawapa watoto khanga, mmoja kila upande, wakavutana mpaka kiti cha plastiki kikaanguka.

Kilichotoka kwanza hakikuwa dhahabu. Kilikuwa sumu, nyingi ya kuua dunia nzima, na wote wakakimbia. Shiva akainywa. Hakuimeza wala hakuitema. Aliizuia kooni, na koo lake likageuka buluu mpaka leo. Wakaendelea kuvuta. Vikaanza kutoka vitu vya thamani kimoja kimoja, akatoka Lakshmi amekaa juu ya ua lake, na baadaye kabisa mtungi wa maji ya uzima. Hapo Vishnu akajigeuza mwanamke mzuri, Mohini, akasema mimi nitawagawia, kaeni mistari miwili. Akawanywesha deva. Asura walikuwa bado wanamtazama uzuri wake, mtungi ukaisha.

Kwetu hapo watu hucheka. Mwanangu hakucheka.

"Lakini majitu yalivuta kamba."

"Ndiyo, baba."

"Upande wa mdomo."

Na ni kweli, Vasuki alikuwa akipumua moto na moshi muda wote huo, na waliokuwa upande ule ni asura. Hadithi hii nimeisikia miaka arobaini, na katika miaka hiyo yote nilikuwa nikiangalia kilichotoka baharini. Waliovuta sikuwahi kuwahesabu.

Wiki ile ile binti yangu alirudi na kazi ya nyumbani ya Kiswahili: kamilisha methali. "Baniani mbaya..." Akajaza "kiatu chake dawa", akapata vema. Kisha akamwuliza babu yake, Baniani ni nani?

"Ni sisi," akasema baba mkwe, tena kwa fahari kidogo. "Angalau kiatu chetu kimesifiwa."

Kwenye kabati langu la chuma kuna picha ya mke wa yule karani wa Mandvi, nyeusi na nyeupe, kingo zimeliwa. Ni bibi harusi, amekaa wima, hatabasamu, na mikono yote miwili, kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko, imejaa kitu cheupe. Binti yangu aliiona tulipokuwa tunasafisha nyumba kwa ajili ya Diwali, maana lazima kila kabati litolewe vitu. "Alivunjika mikono yote miwili?" Alidhani ni bandeji.

Ni bangili za pembe za ndovu. Bibi harusi wa Kutch na Gujarat alivishwa hizo, na pembe ilitoka huku kwetu bara. Zilibebwa mabegani mwa watu, miezi kwa miezi, kutoka Ujiji na Tabora na kwingine hadi Bagamoyo, zikavushwa Unguja, zikapakiwa kwenda Kutch na Bombay, zikachongwa, zikauzwa kwa baba wa msichana kama huyu wa pichani. Katika hao wabebaji walikuwapo wapagazi wa ujira na walikuwapo watumwa. Ushuru wa forodha ya Unguja kwa miaka mingi ya karne ya 19 ulikuwa umekodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch, Mhindu kama sisi. Pembe ilitozwa, na mtu aliyeletwa kuuzwa alitozwa, na yote ilikuwa hesabu. Mwaka 1860 Rigby, balozi mdogo wa Uingereza, aliwalazimisha Wahindi wa Unguja waliohesabiwa raia wa himaya yake kuwaacha huru watumwa waliokuwa nao. Maana yake walikuwa nao. Baba wa babu yangu alifika baada ya sheria ya 1897 kuufuta utumwa Unguja, na nimewahi kujifariji kwa tarehe hiyo. Lakini duka lililompa kazi halikuanza siku aliyoshuka yeye.

Sura ya Gaja Lakshmi, ile tuliyonayo ukutani, ina tembo wawili, mmoja kila upande, wamenyanyua mikonga wanammwagia maji. Binti yangu aliitazama, akaitazama picha ya bibi harusi, akaitazama tena ya ukutani.

"Hawa wana pembe," akasema.

Nilimwambia. Si yote. Nilimwambia pembe zilitoka wapi na kwamba zilibebwa na watu, na kwamba wengine hawakulipwa. Ya soko la watumwa nimeyaacha mpaka akue, na sijui kama nimefanya vizuri. Aliuliza kama ziliandikwa mahali. Nikamwambia ndiyo, sisi tunaandika kila kitu.

Na kweli tunaandika. Baba alikuwa na msemo, "mali bila daftari hupotea bila habari," na nilikuwa mtu mzima nilipogundua kwamba ni methali ya Kiswahili. Alivyokuwa akiisema ungeapa imetoka Kutch. Usiku wa Diwali tunaombea madaftari ya biashara, chopda. Daftari jipya, jalada jekundu, halijaguswa na wino. Ukurasa wa kwanza huchorwa swastika, ya kwetu, ya zamani kuliko ile ya Hitler kwa maelfu ya miaka, na neno Shri huandikwa moja juu, chini yake mawili, chini yake matatu, hadi panakuwa na mlima wa Shri. Pembeni huandikwa Shubh upande mmoja na Labh upande wa pili. Shubh ni heri, Labh ni faida. Heri hutangulia. Siku hizi shemeji yangu huweka kompyuta mpakato mbele ya Lakshmi, anaipaka doa la kanku, unga mwekundu wa ibada, kwenye kioo, na mwaka juzi aliweka na mashine ya risiti. Mama mkwe alinung'unika, kisha akaipaka na yenyewe.

Kuna jambo nilichelewa kuliona. Ibada hiyo, pamoja na sarafu zote zilizooshwa kwa maziwa, jina lake jingine ni Sharda Pujan, na Sharda ni Saraswati, mungu wa kike wa elimu. Yule wa sari nyeupe, mwenye kinanda cha veena na kitabu, anayepanda bata maji ambaye hadithi zinasema akipewa maziwa yaliyochanganywa na maji huyatenga, akanywa maziwa akaacha maji. Kwa hiyo Lakshmi amekaa katikati na sarafu zake, lakini daftari ni la mwenziwe. Na kwa Saraswati huwezi kupeleka daftari la mkaguzi huku la kweli umelificha chini ya kaunta. Wafanyabiashara wenzetu wanaosoma hapa wananielewa.

Mwaka jana nilipowaeleza watoto hilo, ndipo binti yangu akaleta wazo la karai.

Siku mbili kabla ya Diwali ni Dhanteras, na siku hiyo lazima kinunuliwe chombo cha madini, hata kijiko. Wenye uwezo hununua dhahabu. Sisi kwa kawaida tunanunua sarafu ndogo ya fedha au sufuria. Binti yangu akasema mwaka huu tununue karai, tumpe Mama Maandazi. Nadhani lilitokana pia na hadithi ya Annapurna, yaani Parvati kama mungu wa kike wa chakula, niliyowapa jikoni: Shiva alisema dunia yote ni kiini macho, chakula nacho kiini macho, Parvati mkewe akakasirika akaondoka na chakula chote, na haukupita muda Mungu mzima akaja mji wa Kashi na bakuli, akapanga foleni kwa mkewe aliyeshika upawa. Watoto waliicheza hiyo wiki nzima. Mdogo alikuwa Shiva na bakuli la uji.

Tukanunua karai Kariakoo, la aluminiamu, zito, linang'aa. Asubuhi tukashuka nalo. Mama Maandazi (jengo zima linamwita hivyo, jina lake analo, silitaji) hukaa chini ya mwarobaini kando ya geti, na jiko la mkaa, ndoo nyeupe yenye mfuniko, na magazeti ya kufungia. Watoto wakamwamkia. Binti yangu akampa karai kwa mikono miwili.

Akaligonga kwa kifundo cha kidole, likalia. "Zuri," akasema. "Lakini jipya linagandisha. Hili langu lina miaka kumi na moja, limeshakula mafuta. Lirudisheni, mkapikie vitu vya sikukuu."

Binti yangu hakujua aangalie wapi. Akauliza swali lake, lile la paani, ila kwa kuzunguka: "Usiku ukiwa unapika, kuna mtu huwa anapita anauliza nani yuko macho?"

"Anapita mlinzi," akasema Mama Maandazi. "Anaomba chai."

Kisha akaniangalia mimi. "Mama, kama mnataka kunifurahisha na sikukuu yenu, nipeni hesabu yangu." Akachomoa kutoka chini ya magazeti daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, kona zimelowa mafuta mpaka karatasi inaangaza. Juu ya ukurasa, kwa kalamu ya buluu, imeandikwa Bismillahi. Chini yake majina, au vitu vinavyosimama badala ya majina. Mwalimu wa geti la kijani. Kijana wa bodaboda. Na "Mama Mhindi gh. 3", ikifuatiwa na 6, 6, 6, 6, mstari mzima na nusu.

Nilijua inatokana na nini. Mimi huwatuma watoto na noti ya elfu kumi, yeye hana chenji, mimi husema basi andika. Husema kutoka dirishani, na kufunga dirisha. Siku kumi na mbili, maandazi sita kwa siku, mia mbili kila moja.

"Mami," akasema binti yangu, kidole kwenye mstari, "gorofa ya tatu si sisi?"

Kwetu hakuna anayeingia mwaka mpya na deni la mtu. Baba alikuwa akizunguka mji mzima wiki ile, na bahasha mfukoni. Nikampa Mama Maandazi noti mbili za elfu kumi, uso umenishuka.

Akazishika, akapekua mfuko wa aproni, akapekua kopo. Deni ni elfu kumi na nne na mia nne. Hana elfu tano na mia sita.

"Basi," nikaanza, nikajizuia.

Yeye alikuwa ameshafungua ukurasa mpya. Akaandika Bismillahi juu, akaandika gh. 3, akaandika 5,600, na mbele yake akaandika WANANIDAI, kwa herufi kubwa. Binti yangu akainama kuangalia, akaanza kuhesabu kwa vidole: ishirini na nane, sita, sita, sita, sita, siku nne, na yanabaki manne.

"Siku ya tano," akasema Mama Maandazi huku akigeuza andazi, "mnaongeza mia nne."